Nyumba ya Udongo wa Bondeni

Laetitia alikuwa anatundika pazia la sebuleni alipoona ukuta umetoa jani. Akalikata kwa wembe, akaendelea na pazia.

Nyumba ilikuwa mpya, ya matofali mabichi, juu ya kilima nje kidogo ya Kabambare. Mumewe, Musafiri, aliijenga aliporudi kutoka kwenye machimbo ya dhahabu ya Salamabila. Alisema udongo aliuchimba papo hapo kilimani, kwake. Mathilde, mjane wa kaka yake, alisema umetoka shambani kwake bondeni, yeye mwenyewe alipokuwa Kasongo akimuuguza mama yake. Shamba lile sasa lilikuwa shimo la maji. Mathilde hakuwa na lingine. Alimshtaki Musafiri kwa chefu wa kijiji, lakini watoto hula kila siku, hata kesi ikichelewa.

Mvua zikakolea, kuta zikanywa. Kilima kile ni changarawe tupu. Huota aina mbili tatu za miti migumu, yenye majani bahili. Kutani ukatoka msitu wa bondeni mzima: chini miwale, miti ya kinamasi, maana matofali ya kwanza yalitoka penye tope la mto, juu yake miti ya mteremko, ya kila namna, yenye majani mapana kama sinia. Asubuhi chumbani kulijaa ukungu. Vyura waliimba chini ya kitanda, na Laetitia alikiri hajawahi kulala vizuri hivyo. Wageni walisogeza matawi, wakaketi, wakanywa chai.

Chefu wa kijiji alikuja kwa pikipiki kusikiliza kesi, Mathilde akifuata kwa miguu. Alipita chumba hadi chumba akigusa magome.

"Hii miti iko ya bondeni," akasema. "Huku juu haioti."

Musafiri hakubisha. "Ni kweli, chefu. Udongo iko wa shemeji."

"Basi unirudishie," Mathilde akasema. "Mimi nitalima wapi?"

"Shemeji, nibomoe nyumba? Watu wanalala ndani."

Chefu akatazama mabati, yote mapya, akasema nyumba ikishasimama imesimama. Waliokuwapo wakaona ni haki. Mathilde akashuka kurudi bondeni.

Lakini Musafiri si mtu mbaya. Alimruhusu awe anakuja kuchuma uyoga, ambao chumba cha wageni kilikuwa kinautoa kwa wingi.

Jumamosi Mathilde akaja na kapu, akabisha hodi. Laetitia akafungua kwa furaha, kama anayempokea dada mkubwa.

"Karibu, yaya. Vua viatu kwanza, utatuletea udongo ndani ya nyumba."

Mathilde akavua.