Mtoto wa Kupelekwa Masasi

Kaka yetu Nikolao alifungua duka Masasi mwaka ule wanunuzi binafsi wa korosho waliporuhusiwa, kila mwenye lori akajiona tajiri. Duka liliposimama, akatuma salamu huku kijijini Mkunya kwamba atamchukua mtoto mmoja wa dada zake akaanze naye darasa la kwanza mjini. Mmoja tu. Kwetu mjomba ndiye mwenye watoto, na dada zake tuko wawili: Dorika, mkubwa wangu, na mimi Yasinta. Dorika ana Benedikto, mimi nina Optatus. Wote wana miaka sita na wote wanasoma chekechea ya parokia.

Dada yangu namwonea wivu tangu usichana, wala sioni haya kusema. Yeye aliolewa na seremala, mimi nikapata mnywaji wa uraka, pombe ya mabibo. Nyumba yake ina milango mitatu yenye komeo, yangu ina pazia. Kisha Mungu akaona haijatosha, akampa mtoto anayekaa.

Benedikto ukimweka kwenye mkeka asubuhi, mchana unamkuta palepale. Wapita njia wanasifu, mtoto ana adabu huyo, Mama Benedikto umelea. Wangu huwezi hata kumsifu, maana ukifungua mdomo keshaondoka. Yuko juu ya mkorosho, yuko kwenye foleni ya maji anauliza kwa nini ndoo ya fulani imetangulia, yuko nyuma ya mbuzi wa watu. Jioni nikimwosha miguu, natamani ningepewa yule mwingine.

Kaka alipokuja kututazama, Dorika alinimaliza kwa ile sauti yake ya kanisani.

"Kaka, huyu wa Yasinta apelekwe kwanza hospitali. Mtoto mzima hawi hivi. Utakuja kumpoteza mjini bure."

Nilitaka kumrukia. Kaka akasema sawa, lakini waende wote wawili, hawezi kumpima mmoja akamwacha mwingine. Dorika akakubali kwa furaha. Siku ya kwenda Newala alivaa kitenge kipya, kama anayekwenda kupokea zawadi.

Daktari wa watoto aliitwa Agnes, mwanamke mwembamba asiyecheka ovyo. Kabla hatujakaa sawasawa, Optatus alikuwa ameipanda mizani, ameuliza sindano ziko wapi, ameingia chini ya benchi na kutokea upande wa pili. Benedikto alikaa na mikono mapajani. Dorika alinitazama, na jicho lile liliniuma kuliko maneno.

Daktari akaniuliza habari za mwanangu. Nikamfanya malaika. Akamuuliza Dorika za wake, naye akamfanya malaika zaidi. Daktari akaweka kalamu mezani.

"Mnaishi uwanja mmoja? Basi badilishaneni macho. Mama Benedikto amwangalie Optatus, Mama Optatus amwangalie Benedikto. Nyumbani, shambani, chekechea. Msimu wa korosho ukiisha mje mniambie."

Akatueleza anachotaka kujua. Kukimbia peke yake si ugonjwa, alisema, mtoto wa miaka sita kazi yake ni kukimbia. Yeye anataka kujua kama mtoto anaweza kutulia inapobidi, hata kwa muda wa umri wake. Kama anamaliza kile anachokipenda mwenyewe. Kama shida inamfuata kila mahali na kila siku, au inatokea tu pale anapochoshwa. Na kama inamkwamisha mbele ya watoto wa rika lake.

Kazi hiyo nikapewa mimi, ya kumchunguza mtoto wa Dorika. Sijawahi kufanya kazi kwa moyo kama ile.

Tulikuwa tumeshafagia chini ya mikorosho ili korosho zikidondoka zionekane. Watoto tukawagawia kila mmoja mti wake. Unaokota bibo, tunda la mkorosho, unanyonga korosho yake, korosho kapuni, bibo pembeni. Optatus aliumaliza mti wake akahamia wa jirani bila kuombwa, akafukuzwa, akarudi anacheka. Benedikto alikaa chini ya wake, na kila aliyepita akasema mwone huyo, anavyofanya kazi kwa utulivu.

Nikasogea nikijifanya natafuta jembe. Mkononi ana bibo na korosho yake bado imening'inia. Kapuni mna korosho chache, majani, na kipande cha bibo alichokitafuna. Macho yake yako kwa sisimizi. Nilipomwita alishtuka kama aliyeamshwa, akanyonga mbili tatu, kisha akaenda zake tena akiwa amekaa palepale. Watu walikuwa wanausifu ule mkao bila kutazama kapu. Nilifurahi, acha nisijifiche.

Tangu hapo sikumwachia. Akitumwa chumvi, anarudi mikono mitupu na hajui alitumwa nini. Mpira wa matambara anaupenda mpaka analilia kucheza, lakini wakimweka golini mpira unapita na yeye anatazama mawingu, mwisho wenzake wakamkataa. Magari ya makopo ndiyo usiseme. Optatus alikaa chini ya ukuta, yeye asiyekaa, akakata ndala kuukuu za baba yake akapata magurudumu, na hakuinuka kula mpaka gari likatembea. Benedikto alianza pamoja naye. Akawa na makopo matatu yaliyokatwa na hakuna gari. Nikaenda chekechea, mwalimu akafikiri kidogo, akasema huyo hasumbui, ndiyo maana hajawahi kumtazama. Kumbe kibao chake cha kuandikia kila siku kinaishia nusu.

Siku moja nilimkuta nyuma ya jiko analia peke yake. Alikuwa ametumwa kwangu na mama yake, na neno limempotea njiani, na nyumba zetu zinatazamana.

"Mama mdogo," akasema, "mimi nasahau hata nikitaka kukumbuka."

Nilimpangusa uso nikampa muhogo wa kuchoma. Roho iliniuma kidogo. Kisha na hilo nikalihifadhi, kwa sababu lilikuwa zuri kuliko yote.

Tuliporudi Newala, Dorika ndiye aliyeanza, na kwa kuwa anaogopa uongo zaidi ya anavyonichukia, alisema kweli. Optatus hukimbia, lakini akiahidiwa kitu husubiri. Wimbo akiupenda huimba hadi mwisho, mahubiri yakirefuka ndipo anapoanza kuhangaika. Daktari akasema huyu ni mzima, mpeni kazi na nafasi ya kukimbia.

Nikafuata mimi. Nilieleza kapu, chumvi, goli, makopo, kibao, na maneno ya nyuma ya jiko. Dorika alianza kwa kutabasamu kama mtu anayesikia umbea. Nilipofika kwenye kilio, alimvuta mtoto karibu akamshika kichwa, na hakunitazama tena.

Daktari alisema hawezi kukata neno kwa mara moja, lakini anaona dalili za tatizo la ubongo kushindwa kushika jambo. Wengine wenye tatizo hilo hawatulii hata dakika, wengine hukaa kimya na hakuna anayewaona. Si adabu, na si uvivu wala ujinga. Anahitaji mwalimu wa kumkalisha mbele na kumwagiza jambo moja moja, na kuonwa mara kwa mara. Masasi, alisema, yuko mwalimu aliyesomea watoto wa namna hiyo.

Mimi nilikuwa nimeshaacha kusikiliza. Nimeshinda. Njia nzima nilitembea mbele.

Kaka alipokuja nilikuwa nimemwogesha Optatus na kumshonea kaptula. Nikamwamkia, nikamsimulia yote mwenyewe, hata Dorika hakupata nafasi. Kaka alisikiliza mpaka mwisho.

"Umenisaidia sana, Yasinta. Bila wewe nisingejua," akasema. "Basi namchukua Benedikto. Wako ni mzima, atasoma popote. Huyu akibaki hapa watamsifu adabu mpaka apotee."

Ningesema nini, na ushahidi wote nimeuleta mimi? Dorika alikuwa analia kwa kuachana na mwanawe, na hata kilio kile nilikionea wivu.

Gari lilipoondoka na Benedikto, Optatus alilikimbiza mpaka kwenye kona ya parokia. Alirudi ametota jasho, kaptula mpya imejaa vumbi jekundu. Akasimama mbele yangu, na kwa mara ya kwanza alisimama kweli, bila kuchezesha hata mguu.

"Mama," akaniuliza, "na mimi nitaugua lini?"

Nilimwambia akaoge.