Mkono Mmoja Mfukoni

Kila Jumamosi saa tatu asubuhi Karani alipoingia kwa dada yake, dada mtu hakuinua hata macho kutoka kwenye sufuria.

"Mke mwenza, umefika," alisema siku hiyo. "Pita, mumeo yuko nyuma na vyuma vyake. Mimi leo hata salamu sijapewa."

"Huo wivu utakuzeesha, dada," Karani alijibu, akapitiliza ukumbini.

Jina la Karani lilimganda tangu idara ya maji, alikokaa miaka kumi na tisa akiingiza usomaji wa mita kwenye kompyuta, tarakimu baada ya tarakimu, hadi vidole vikajua njia vyenyewe. Mume wa dada yake, naye, mtaa mzima ulimwita Fundi. Alitengeneza televisheni za kichogo tangu zikiwa ndizo televisheni pekee, na zilipokuja hizi nyembamba za kutundikwa ukutani, akabaki na ujuzi usio na wa kuuhitaji. Ndipo mashemeji hao wawili walipoanza mchezo wao wa kuokota kompyuta kongwe zilizotupwa na maofisi, kuzisafisha, kuzitafutia vipuri na kuzirudishia uhai. Hawakuziuza. Walizipanga kwenye rafu za chumba cha nyuma, sita mpaka sasa, pamoja na printa moja iliyolia kama cherehani yenye hasira, na boksi la diski laini ambazo Karani alizifuta kwa pamba moja moja, kama mtu anayemfuta mtoto uso.

Ya saba ndiyo iliyokuwa mezani. Ilikuwa ya idara ya maji, ileile aliyoitumia yeye. Mlinzi wa idara aliikuta stoo chini ya matairi akampigia simu. Kibodi yake iliitika, diski ilizunguka, lakini monita haikutoa picha. Ilikuwa monita nzito yenye kichogo, na ndani yake mlikuwa na kioo cha aina ambayo Fundi alimfundisha kuiogopa kuliko kitu chochote mle chumbani.

"Kioo hiki ni kama nyoka aliyekatwa kichwa," alimwambia zamani. "Kimekufa, lakini kinauma. Unachomoa plagi, bado kina umeme. Kwa hiyo, kwanza plagi. Pili, bisibisi ifungwe waya, na waya ushike chuma cha fremu, ndipo uichomeke chini ya kile kikombe cha mpira kilichobandikwa mgongoni mwa kioo, umeme ushukie kwenye fremu. Tatu, mkono wa kushoto mfukoni. Ukiweka mikono yote miwili, umeme unaingia huku unatokea huku, na katikati pana moyo."

Halafu alicheka. "Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Lakini wahenga hawakuwahi kufungua monita."

Asubuhi hiyo waliiwasha wakiwa wameshaivua ganda. Taa ndogo nyekundu mbele ikawaka, kioo kikabaki cheusi.

"Kuna kapasita imechoka humo," Fundi alisema. "Naizima, nitoe umeme kwenye kioo, tuichomoe bodi."

Karani akatoka kwenda kunawa mikono iliyonata gundi ya zamani. Hakukawia. Alirudi akijifuta kwa sketi, na alipopita mbele ya meza, vinyweleo vya mkono wake vikasimama. Alidhani ni baridi ya maji. Kisha akaiona ile taa nyekundu. Ilikuwa inawaka.

Fundi alikuwa ameinama nyuma ya monita. Mkono wa kushoto ulishika fremu ya chuma, imara, kama mtu aliyeshika ukingo wa mlango. Mkono wa kulia ulikuwa ndani, na bisibisi yake ilikuwa ikisogea polepole kuelekea kikombe cha mpira. Haikuwa na waya. Waya ulikuwa umelala sakafuni, karibu na kiatu chake.

Karani alifungua mdomo apige kelele, akaufunga. Ni Fundi huyohuyo aliyemwambia kwamba mtu akishtuliwa huruka, na anaporuka hachagui anapogusa. Plagi ilikuwa nyuma ya kabati, upande wa Fundi. Kuifikia ilimlazimu ambane shemeji yake kwenye ile fremu.

"Shemeji," alisema, na akashangaa sauti ilivyotoka laini. "Subiri kidogo."

"Nini?"

"Dada anakuita."

"Mwambie nakuja. Nimebakiza hiki kikombe tu."

"Kasema sasa hivi. Unamjua akianza."

Bisibisi ikasimama. Palibaki upana wa kidole kati ya chuma na mpira, labda pungufu. Fundi hakutoa mkono, alisimama vilevile, akiguna kama mume anayesubiri kusemwa.

"Usiguse kitu," Karani alisema. "Kaa hivyohivyo. Nakwenda kumsikiliza anataka nini."

Swichi kuu ilikuwa ukumbini, juu ya mlango wa jikoni. Hatua nane, labda tisa. Hakukimbia, maana sakafu ya mbao ilitingishika mtu akikimbia, na meza ikatingishika nayo. Alitembea, masikio yake yote yakiwa nyuma, yakisubiri mlio, au kishindo, au ukimya wa namna ambayo angeitambua. Alijinyoosha kwa ncha za vidole. Mara ya kwanza vidole viliteleza, bado vilikuwa na maji. Mara ya pili swichi ikashuka.

Feni ya jikoni ikafifia. "Nani kazima?" dada yake aliuliza.

"Mimi. Usiwashe, dada. Nakuomba usiguse hapo mpaka nirudi."

Dada yake akasogea mbali na mlango, mwiko mkononi.

Aliporudi, Fundi alikuwa palepale. Umeme wa ukutani ulikuwa umekatika, lakini nyoka alikuwa bado na meno.

"Shemeji, nisikilize. Mkono wa kushoto. Uachie fremu, uweke mfukoni."

"Unanifundisha wimbo wangu mwenyewe," alisema akitabasamu. Lakini aliutazama mkono wake wa kushoto, akaona ulipokuwa, na tabasamu likaondoka. Aliuachia. Ulitafuta mfuko mara mbili kabla ya kuupata.

"Sasa wa kulia. Polepole. Rudi ulikopitia."

Mkono ukatoka na bisibisi yake, na Karani aliutazama kila inchi mpaka ulipokuwa nje kabisa. Hapo ndipo alipokaa chini sakafuni.

"Ilikuwa inawaka," alisema.

"Hapana. Niliichomoa. Nimechomoa kwa mkono wangu huu."

"Tazama mwenyewe."

Fundi alichungulia nyuma ya kabati. Alikaa ameinama hivyo kwa muda mrefu, kisha akaichomoa plagi iliyokuwa ukutani, akaishika viganjani kama kitu kilichookotwa barabarani. Alivuta kiti akakaa. Uso wake, ambao Karani aliujua kwa miaka thelathini kuwa uso wa mzaha, ulikuwa umelegea kote.

"Naona kabisa nilivyoichomoa," alisema. "Nikifumba macho naona. Karani, nakwambia naona."

Kisha akasema mengine, bila kuulizwa. Mwezi uliopita alitoka dukani, akasimama kwenye kona aliyoipita maisha yake yote, na hakujua nyumba iko upande gani. Alijifanya anafunga kamba za viatu mpaka njia ikarudi. Wiki iliyopita alikuta solda yake ya kuungia nyaya ndani ya friji. Na vile vikaratasi alivyobandika kwenye kila waya, kila rafu, ambavyo Karani alivisifu kuwa ni utunzaji wa kimakumbusho, havikuwa vya makumbusho.

"Ni vya kwangu," alisema. "Usimwambie dada yako."

Hofu ya kwanza ya Karani, ile ya umeme, ilikuwa imeanza kushuka, na chini yake aliikuta nyingine, kubwa zaidi, ambayo haikuwa na swichi ukumbini.

"Mficha maradhi..." alianza.

"Najua inavyomalizika."

"Basi mwambie wewe. Leo. Nitakaa pale pale nawe. Usipoweza, nitasema mimi, na ukinichukia, nichukie."

Lakini kabla ya hapo palikuwa na kazi. Wajukuu wa nyumba hiyo walikuwa wakija kila Jumamosi mchana, na kioo kile hakikuweza kuachwa wazi kikiwa na chaji. Karani hakuwahi kukigusa mwenyewe. Fundi alikaa kitini akamwelekeza, na la ajabu, hapo hakukosea hata neno moja. Funga waya hapa. Bana kwenye fremu, uvute uone kama umeshika. Kushoto mfukoni. Shika mpini wa plastiki, mbali na chuma. Sasa ingia chini ya mpira, usiwe na haraka.

Karani aliingia. Ncha ikapita chini ya mpira, na kikasikika kishindo kifupi, kama mtu aliyevunja kijiti kikavu kwenye kikombe. Aliruka, ila mkono wa kushoto haukutoka mfukoni.

"Rudia," Fundi alisema. "Daima mara mbili."

Walimwambia dada jikoni, wakiwa wamesimama. Yeye alizima jiko kwanza. Kisha akasema, "Nilidhani ni mimi peke yangu niliyeona," akafunika uso kwa upande wa khanga. Kwa mwezi mzima alikuwa akiamka kukagua gesi, na kila alipotaka kumwambia mdogo wake, aliogopa kwamba likisemwa litakuwa kweli.

Daktari hakuwapa jina la ugonjwa siku ya kwanza, wala ya pili. Aliwapa vipimo na tarehe, na neno moja ambalo hakuna aliyelirudia nyumbani: kwamba hali kama hii kwa kawaida hairudi nyuma.

Jumamosi ziliendelea. Fundi mwenyewe ndiye aliyetoa sharti, kwamba hataweka tena mkono ndani ya monita. Alisafisha vibonye vya kibodi kwa mswaki, na Karani alipohitaji kufungua kichogo, Fundi alikaa kwenye kiti kando ya kabati akiwa ameshika plagi mkononi, ili wote wawili waione.

Jumamosi ya tatu Karani alikuwa ameingiza bisibisi nusu ya njia, kushoto mfukoni, aliposikia kiti kikilia. Aligeuza kichwa. Fundi alikuwa ameondoka. Plagi ilikuwa juu ya kiti, na soketi ilikuwa ukutani, umbali wa mkono mmoja tu kutoka hapo. Maji yalisikika bafuni. Karani alimwazia akirudi, akiiona plagi imelala ovyo, na kama mtu mwema anayependa vitu viwe mahali pake, akiirudisha ukutani.

Alitoa bisibisi taratibu. Akarudi nyuma hatua mbili, akaegemea rafu, akasubiri.

Fundi alirudi akijifuta mikono. Alisimama mbele ya kiti, akaitazama plagi, akaitazama soketi. Kisha akaiokota, akakaa, akaiweka mapajani.

"Mbona umeacha kazi?" aliuliza.

"Nilikuwa nakusubiri wewe."

"Basi nimeshafika," alisema. "Endelea."

Karani aliisogelea monita, akarudisha mkono mfukoni.