Mlango wa Kijani

Kila Exilda Gagnon alipoinua uso kutoka kwenye cherehani, mkono wa koti ulimfuata ukutani. Ulikuwa wa kijani, ukielea juu ya rangi nyeupe, kisha ukiyeyuka. Akifumba macho, ulikuwa umeshamtangulia ndani ya kope.

Kiwanda kilishona makoti mekundu ya wawindaji, ili mtu asipigwe risasi kwenye misitu ya jimbo la Maine akidhaniwa kulungu. Wekundu tangu asubuhi mpaka king'ora cha jioni. Kuta tajiri wa kiwanda alizipaka nyeupe ya kumeremeta apate kupunguza taa. Macho ya nani yangelipia taa hizo, hakuuliza.

Exilda hakumwambia mtu. Wakati wa Kwaresima shangazi yake Alphonsine alisema mbele ya nyapara Feeney, Mwairishi, kwamba anaona madoa, akaambiwa achukue shali yake, hapa si makao ya vipofu. Miaka yote aliyowatumikia, na hata ahsante hakupewa. Sasa alishinda jikoni kwa Exilda akimenya viazi.

Jumamosi Exilda akaenda kumwashia mshumaa Mtakatifu Lusia, mlinzi wa macho. Akakuta mishumaa imejaa, na Délima Thibodeau wa cherehani ya pili amepiga magoti.

"Unamwombea nani?" Exilda akanong'ona.

"Jirani."

"Jirani gani? Jirani yako Bouchard anaona mpaka sufuria za watu zina nini."

Délima akataka kucheka, akalia. "Mikono ya kijani, Exilda. Inanifuata mpaka kitandani."

Kumbe nusu ya kiwanda walikuwa kwenye novena, sala ya siku tisa, kila mmoja akimficha mwenzake.

Walitoka pamoja wakapita kanisa la Waairishi, wale waliokuwa wakiwacheka Wafaransa kama wao kwa lugha yao na kuwatengea viti vya nyuma. Milango yake ilikuwa ya kijani kilichopoa. Exilda aliitazama bila kupenda. Doa likaingia mle, likapotea. Mabega yake yakashuka kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Délima, hebu tazama pale."

"Sitazami mlango wa hao."

"Tazama, mwanamke!"

Délima akatazama. "Mungu anisamehe," akasema. "Napumzika."

Nyumbani Exilda akamuuliza shangazi yake kama madoa bado yapo.

"Yalikatika wiki ile ile niliyoacha kutazama wekundu. Macho yangu mazima, mwanangu. Sasa nikamwambie nani? Feeney?"

Usiku huo hasira ilimkaa Exilda kifuani. Hawakuwa wagonjwa. Ni wekundu wa makoti kwenye ukuta mweupe.

Jumatatu Exilda aliwaambia wanawake chooni wadai ukuta wa kijani, wakabishana. "Kijani cha Waairishi? Bora nipofuke!" mmoja akafoka. "Basi pofuka," Délima akamjibu, "sisi tuna watoto." Kengele ilipolia wakakaa kwenye cherehani, wasiziwashe.

Feeney akaja mbio. Exilda akasimama, akasema wanataka ukuta wa kijani, na Alphonsine arudi.

Feeney akacheka. "Kijani! Mmechoka kuwa Wafaransa, eh? Niwaletee na viazi vya kwetu Waairishi?"

"Viazi tunavyo, bwana. Tunataka kuona."

Kicheko kikamwisha. "Anayeona madoa asimame. Nimpe ruhusa aende kwao."

Exilda alikuwa amesimama peke yake. Kisha kiti cha Délima kikaburuzwa sakafuni, kikafuata cha nyuma, na cha nyuma yake, mpaka hakubaki aliyekaa.

Jioni tajiri akakubali rangi. Kumrudisha Alphonsine alikataa: aliyefukuzwa amefukuzwa, na kiti chake kina mtu.

Ukuta ulipokauka walirudishwa kazini. Kijani kilikuwa kimepoa, hakina mng'aro, jicho likitua pale linatulia.

"Tumeshinda," Délima akasema.

"Shangazi yangu je?"

Délima akainamisha kichwa. Akawasha cherehani yake. Nyingine zikafuata, safu kwa safu, mpaka ikabaki ya Exilda. Wote walikuwa na watoto. Yeye pia alikuwa nao, na mzee wa kulisha juu yao. Aliutazama ukuta. Haukuwa na kitu. Kila kitu alikiona vizuri sasa, hata migongo ya wenzake waliokataa kugeuka.

Akawasha.