Hatua za Shangazi Mihayo

Shangazi Mihayo anauza maziwa ya mgando na samli pale njia panda ya Usagara. Zamani aliyabeba kichwani mpaka Butimba, akipita nyumba kwa nyumba. Tangu biashara iachiwe huru mabasi yameongezeka, na wateja wanamfuata kibandani. Sasa anashinda kwenye kigoda, na miguu imevimba mpaka ndala hazimwingii.

"Mihayo, hicho kigoda kimeota mizizi?" Dorotea, muuza nyanya wa ng'ambo ya barabara, humtania kila siku.

Ndipo akaja dada Kokugonza, mtafiti kutoka mjini, anayepima watu wanaokaa sana kazini. Alimfunga shangazi, pamoja na wauza maziwa wenzake, kidude kiunoni. Kazi yake ni kuhesabu hatua. Mimi Justa, mpwa wake ninayemsaidia kibandani, niliagizwa kunakili namba kila jioni kwa siku saba. Ambao wangeonekana wanakaa mno wangepelekwa kliniki kutibiwa miguu.

Jioni ya kwanza nilisoma elfu kumi na moja. Shangazi hakuwa amekwenda popote zaidi ya chooni. Nikajua nimekosea kusoma, maana shule niliiachia darasa la tano. Kesho yake ikawa elfu kumi na mbili. Jumapili tukaenda kanisani kwa miguu na kurudi, ikawa elfu tatu tu! Siku ya kutembea hatua chache, siku za kukaa hatua nyingi. Sikuelewa. Nikaandika hivyo hivyo.

Siku ya nane dada Kokugonza alisoma karatasi yangu akacheka.

"Shangazi, unatembea kuliko mimi! Basi kliniki tutawapeleka wanaokaa."

"Dorotea!" shangazi akapaza sauti. "Umesikia? Elfu kumi na mbili! Mwenye kigoda sasa ni wewe."

"Labda unatembea ukiwa umelala!" Dorotea akajibu, kisha akakimbilia basi la Magu na beseni lake kuuza nyanya.

Kwa furaha shangazi akakilaza kibuyu cha maziwa mapajani, akaanza kukisukasuka ili siagi itoke. Mabega na kiuno vilienda mbele, nyuma, mbele, nyuma. Miguu haikusogea, ngozi yake inang'aa kwa uvimbe.

Nikakumbuka: Jumapili ndiyo siku pekee ambayo hasuki. Nikisema, namwaibisha shangazi. Nikinyamaza, kliniki imempita. Na mimi ni nani wa kumwambia msomi kwamba kipimo chake kimekosea? Au nimekosea mimi?

Nikapiga magoti. "Dada, samahani. Naomba unifunge mimi hicho kidude."

Akanifunga, anashangaa. Nikakipokea kibuyu kwa shangazi, nikaketi chini, nikasuka. Kidude kikatikisika kiunoni, nikazidi kusuka. Dada Kokugonza akainama kiunoni kwangu kusoma namba. Themanini. Mia. Mia na arobaini.

"Justa, unakwenda wapi?"

"Nimekaa, dada."

Aliitazama karatasi, akanitazama mimi, akaitazama tena.

"Hapa Usagara, wangapi kati ya niliowafunga wanasuka maziwa?"

"Wote."

Akajibwaga juu ya kreti la soda, kalamu mkononi, kama mtu aliyeshushwa na basi asikokujua. Kisha akazikata namba zangu zote kwa mstari mmoja, akaandika jina la shangazi kwenye orodha ya kliniki.

Shangazi akaninyang'anya kibuyu chake.

"Kliniki nitakwenda," alisema kwa sauti ya chini, jicho likiwa kwa Dorotea ng'ambo ya barabara. "Lakini ile elfu kumi na mbili, huyo asiambiwe imefutwa."