Yuko Njiani, Baba

Mzee Rutayisire alianguka Jumapili asubuhi, akiwa amesimama mezani kwake pale mtaani Nyamirambo, anakata kitambaa cha kanzu ya mteja. Mkasi ulitangulia kudondoka, naye akafuata. Bintiye Mwamini, aliyekuwa kwenye cherehani hatua tatu tu kutoka pale, alidhani baba ameinama kuuokota.

Hospitalini walipokelewa na Daktari Peace, mwanamke mwembamba aliyekulia Uganda, mwenye sauti ya taratibu. Alimketisha Mwamini kwenye benchi, akaketi naye.

"Ni kiharusi, na ni kikubwa," alisema. "Anaweza kuinuka, anaweza asiinuke. Mimi sijui, na sitaki kukudanganya. Tutaona siku kwa siku."

Mwamini alishukuru. Kisha akatoka uani, akampigia mdogo wake Ntare, aliyekuwa akiuza vipuri vya pikipiki Mwanza, ng'ambo ya mpaka. Mama yao alishatangulia mbele ya haki. Mzee alikuwa na watoto hao wawili tu.

"Daktari anasemaje?" Ntare aliuliza.

"Anasema ni presha ilipanda. Atapumzishwa kidogo, arudi nyumbani."

Hakupanga kusema hivyo. Mke wa Ntare alikuwa na mimba ya miezi tisa, baada ya mbili kuharibika, na Mwamini alimwonea huruma. Lakini haikuwa huruma peke yake. Lile "sijui" la daktari lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Aliogopa kwamba akilitamka, litazidi kuwa kweli.

Siku ya pili mzee alifumbua macho. Mkono wa kulia ulikuwa umekufa, mdomo umepinda, lakini jina moja lilimtoka likaeleweka.

"Ntare."

"Yuko njiani, baba," Mwamini alimwambia.

Tangu hapo mzee akawa anatazama mlango. Muuguzi akiingia, macho yanakimbilia huko, akiona si yule anayemngoja, yanarudi polepole kwa Mwamini, naye anasema, "Barabara ni ndefu, baba. Atafika."

Jumatano Daktari Peace alimwita pembeni. "Usiku wa kuamkia leo hali imeshuka. Sijui kama ana siku mbili au wiki mbili. Kama kuna mtu anayepaswa kumwona, mwambie aje leo."

"Yego, ndiyo daktari," Mwamini aliitikia. Akatoka, akapiga simu.

"Dada, nije?" Ntare aliuliza kabla hata ya salamu. "Sema neno moja tu. Basi la mchana bado naliwahi."

Mwamini alitazama watu waliopanga foleni dirishani kwa dawa. Neno lilikuwa karibu kabisa, kwenye ncha ya ulimi.

"Kaa na mkeo," alisema. "Baba amekunywa uji leo."

Ntare alishusha pumzi. "Alhamdulillahi. Mwambie akitoka tu, namletea sangara."

Alhamisi alfajiri mzee alikata roho. Kufikia alasiri alikuwa ameshaoshwa, ameswaliwa na kuzikwa, kwa kuwa maiti hacheleweshwi. Ntare, aliyepigiwa simu ya msiba alfajiri ileile, aliingia Nyamirambo Ijumaa asubuhi, macho mekundu kwa safari, akakuta mikeka ya matanga imetandikwa na kitanda cha baba yake hakina godoro.

Mwamini hakungoja kuulizwa. Alimwingiza chumba cha cherehani, akafunga mlango, akamweleza siku baada ya siku: daktari alisema nini, na yeye alikigeuza vipi. Kuhusu uji alisema, "Hakunywa. Alikuwa hawezi hata kumeza maji." Habari ya mlango na yale macho nayo hakuificha.

Ntare alikuwa amekaa juu ya furushi la vitambaa.

"Kwa hiyo alikufa akidhani nimechelewa," alisema.

"Ndiyo."

"Ungesema hujui, dada. Sikuwa nikitaka habari njema. Hiyo 'sijui' ingenitosha, ningepanda nayo basi."

"Najua."

"Na daktari alikwambia wazi."

"Aliniambia wazi. Mara mbili."

Mwamini alingoja atukanwe, ingekuwa nafuu. Ntare aliinuka tu, akaomba kuonyeshwa kaburi. Mwamini alipochukua mtandio wake amfuate, Ntare alimwambia ataenda na mjomba wao.

Ntare alikaa siku tatu. Alipokea pole za watu, akala alichopewa, akazungumza na kila aliyekuja. Lakini dada yake akimsemesha, alimjibu kwa adabu, maneno mawili matatu, kama mtu anavyomjibu mgeni. Jumatatu mkewe alishikwa na uchungu, ikabidi aondoke. Mwamini alimsindikiza hadi stendi ya Nyabugogo, wakasimama kando ya basi huku makondakta wakiita abiria wa mpakani Rusumo.

"Atakuwa salama?" Mwamini aliuliza.

"Sijui. Mama mkwe anasema amechoka sana."

"Nitapiga jioni kuuliza. Sijui kama utapokea."

Ntare alitupa begi begani. "Hata mimi sijui, dada," alisema, bila hasira, akapanda.

Jioni Mwamini alipiga. Simu iliita muda mrefu, kisha ikapokelewa. Alisikia ngurumo ya basi na mtu akikohoa.

"Wamempeleka hospitali," Ntare alisema. "Bado hawajaniambia kitu."

Mwamini alitafuta la kumwambia. Maneno ya faraja yalimjia mengi, nayo yote aliyaacha.

"Nimesikia," alisema.

Walibaki hivyo, kila mmoja na simu sikioni, mpaka mtandao ukakatika.