Karatasi Kavu Chini ya Tangi

Maji ndiyo yaliyomwangusha Mama Ntumba. Kila choo kilipovutwa, matone yalichuruzika pale tangi linapokalia bakuli, yakatanda sakafuni, na asubuhi moja mama akateleza akavunjika nyonga. Leo, baada ya majuma sita ya hospitali, alikuwa anarudishwa kwake Musonoi, mtaa wa mgodini, alasiri. Kurudi hakukuwa na shaka; kukaa ndiko kulikokuwa na shaka.

"Papa, minakuambia mbele, usiseme kama sikukuambia." Mignonne, binti yake aliyefika jana kutoka Lubumbashi, alisimama mlangoni mwa choo, mikono kiunoni. "Mama hawezi kuchutama ku choo ya inje. Na hii ya ndani iko inavuya. Nikikuta maji pale chini, hata tone moja, minaenda naye kwangu."

"Siku ngapi?"

"Kabisa."

Tata Ngeleka, mume wa Mama Ntumba, akakunja mikono ya shati. Miaka arobaini na sita ya ndoa, leo abaki kuzungumza na kuta! Maisha yake yote ya kazi alitengeneza pampu za mgodini, na hakuna hata moja iliyomshinda. Ila choo chake mwenyewe alikuwa amekiziba kisivuje mara mbili mwaka huu, na mara mbili kilimcheka.

Alifunga maji, akamwaga yaliyobaki, akalegeza bolti mbili, akalinyanyua tangi kama mtu anayepokea mtoto mchanga na kulilaza juu ya blanketi. Halafu akachomoa pete ya mpira ya kuzuia maji iliyokaa katikati. Aliikata mwenyewe kutoka mkanda wa kiwandani, ule unaobeba mawe. Musonoi nzima, nani asiyeuamini mkanda? Ni soli za viatu, ni bawaba za milango, ni viti. Uliobeba mawe utashindwaje na maji ya choo?

Aliiminya kwa kidole gumba. Ilikuwa ngumu kama kwato. Akaigeuza, akaona ubavuni nyuzi zilizofumwa ndani ya mpira. Alipozikamua, maji yakatoka.

Mzee akakaa chini. Kumbe nyuzi zile zilinyonya maji kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Kumbe mkewe aliangushwa na kazi ya mikono yake yeye, fundi Ngeleka. Kisha akajikumbusha maneno aliyowafundisha vijana wengi kazini: ukishalijua kosa, nusu ya kazi imekwisha. Akainuka.

Alimkuta jirani yake Alfani, msafirishaji wa mizigo ya kwenda Kisenge, ameinama chini ya lori.

"Alfani, nipe mupira ya ndani ya gurudumu, ile ya zamani."

"Muzee unaenda kuogelea?" Alfani akacheka. "We, bwana wa mukanda! Si ulisema mupira ya ndani ni bitu ya batoto?"

"Nilisema. Nilikosa. Leta na makasi."

Alfani alisahau kucheka. Neno lile hakuwahi kulisikia katika kinywa kile.

Ngeleka alikata pete tatu, akazibandika pamoja kwa gundi ya viraka hadi zikawa moja, laini kama ndewe ya sikio, na nyingine ndogo mbili za bolti. Alirudisha tangi mahali pake. Spana ya pampu, ile aliyokazia zamani kwa nguvu zote, aliiacha ukutani. Safari hii alikaza kwa vidole, kidogo kushoto, kidogo kulia, mpaka tangi likatulia. Tangi la kauri si pampu ya chuma.

Mignonne akatandaza karatasi ya daftari chini ya tangi, akavuta mara kumi. Karatasi ikabaki kavu, akaiacha pale pale.

"Bado baruti," akasema.

Alisema kweli. Kila siku shimo la mgodi lilipopasuliwa, nyumba zote zilitikisika. Baba na binti wakangoja. Gari likafika kabla ya baruti. Mama Ntumba, aliyekwisha kuambiwa sharti la binti yake, akashuka kwa magongo yake, akapita moja kwa moja hadi chooni, akafunga mlango. Ndipo king'ora cha mgodi kikalia.

Mlipuko ukaja. Madirisha yakagongana, vumbi likaanguka kutoka darini. Kisha ikasikika sauti ya maji yakivutwa. Ngeleka akatega sikio mlangoni.

Mlango ukafunguka, ukatoka mkono ulioshika karatasi ile ya chini ya tangi. Ukaitikisa: krra, krra, kavu kabisa.

"Mignonne," alisema Mama Ntumba, "ile valizi ya nguo uliyonifungia, ifungule. Mi ninaikala hapa."

Mignonne akamtazama baba yake, akapiga makofi. Mzee alikuwa amekwisha piga magoti, anafunga vipande vya mkanda ule ule kwenye ncha za magongo.

"Na we, Tata ya Mignonne, unafanya nini ku miguu yangu?"

"Mukanda huu maji inaushinda, lakini hauterezi."

Mama akagonga gongo sakafuni. Likashika barabara.

"Mama!" Alfani alipaza sauti dirishani. "Leo muzee mwenyewe alisema: nilikosa! Mi nilisikia na masikio yangu!"

"Nani? Huyu?" Mama Ntumba akajishusha kitini, akanyoosha mguu wake vizuri. "Ingia, Alfani. Ikala. Unielezee yote, polepole."