Mpango Usio na Kizazi

Yasna alisaini huku anacheka, ndiyo maana baadaye alikosa wa kumlaumu, ingawa alijaribu. Ilikuwa saa ya chai ya jioni, nyumbani kwake Talca, nchini Chile, mkate umeshapakwa parachichi, na wifi yake Nolfa, wakala wa kampuni ya bima ya afya, ametandaza karatasi mbili katikati ya vikombe.

"Mpango huu una kila kitu," Nolfa alisema. "Na huu ni karibu nusu bei. Saratani unalipiwa, upasuaji unalipiwa, vipimo pia. Kilichotolewa ni uzazi tu."

Miaka ile sheria ilikuwa bado inaruhusu mambo hayo, na wanawake wa mjini waliuita mpango usio na kizazi. Unalipa kidogo, na kampuni inakuhesabu kama mtu aliyekwisha kutolewa kizazi. Ushenzi mtupu, lakini bei ilikuwa bei.

Yasna alikuwa na miaka arobaini na minne. Mimba tatu zilikuwa zimemharibikia, na daktari alishawaambia waache kujaribu. Mama yake na mama yake mkubwa wote wawili waliondoka kwa saratani ya matiti. Sasa hapo mtu anapima nini? Saluni yake ya chumba kimoja haikuweza kununua kinga ya kila kitu. Alinunua kinga ya kile alichokiogopa.

"Nipe huo wa bei nafuu, wifi. Mimi na leba tulishapeana talaka."

"Tuchukue ulio kamili," alisema Erasmo, mume wake. "Huwezi kujua."

"Nisijue nini, baba? Hebu kula mkate wako."

"Kaka yangu huyu anaota macho wazi," Nolfa alisema, na mawifi wakacheka mpaka chai ikamwagika. Erasmo alikula mkate wake.

Mwaka haukuisha. Hedhi ilikoma, Yasna akadhani ni umri. Kisha chini ya kitovu pakawa pagumu, sketi ikakataa kufunga, na usiku akawa analala na mkono tumboni, roho juu. Aliwaza jambo moja tu, lile lililomchukua mama yake, safari hii limepitia mlango mwingine. Alipomwambia Erasmo, mwanamume alikaa kitandani na viatu vyake, akashindwa hata kuvivua.

Bima haikuleta ubishi. Uvimbe tumboni? Kipimo cha picha kiliidhinishwa siku hiyo hiyo. "Unaona?" Yasna alimwambia mumewe njiani, midomo imemkauka. "Nilichagua vizuri."

Daktari Retamal alipitisha kile chombo chake juu ya tumbo, akasimama, akarudia. Kisha akawageuzia kioo cha mashine.

"Mama, huu si uvimbe. Hii ni mimba, ina zaidi ya miezi minne. Sikilizeni moyo."

Moyo ulikuwa unapiga mbio chumba kizima.

"Nani atalipa?" Yasna aliuliza.

Neno lilimtoka kabla hajalifikiria, na yeye mwenyewe alishtuka kulisikia. Erasmo alimtazama kama anayemtazama mgeni. Lakini baya zaidi hakulisema. Kwa nukta moja alikuwa ametamani uwe uvimbe kweli, maana uvimbe una wa kuulipia. Mtoto aliyemlilia nusu ya ndoa yake amefika, na mama yake anampokea hivi.

Erasmo alimpigia Nolfa, simu ikawekwa sauti kubwa.

"Msinitanie," Nolfa alisema. Alipojua si utani, aliongea polepole. "Hata akihama mpango leo, mimba watasema alikuja nayo. Njia ni atoke kwetu, ahamie mfuko wa afya wa serikali, ajifungulie hospitali ya serikali. Lakini huko saratani ni kusubiri foleni, na akishatoka, kwa ukoo ule wenye saratani, mimi sioni kampuni ya kumpokea tena. Wifi, nisamehe. Mimi ndiye niliyekuuzia." Akaanza kulia, simu ikakatwa.

Daktari alikuwa amesikia yote. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio uliomchanganya zaidi Yasna.

"Sijaandika kitu bado," alisema. "Leo naweza kuandika uvimbe. Kipimo kitalipwa, na nyinyi mtapata muda wa kufikiri. Nikiandika mimba, gharama ni yenu, na kampuni itajua."

"Sema wewe," Erasmo alimwambia mkewe. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta.

Yasna alikumbuka karatasi za hospitali za zile mimba tatu. Zote ziliandikwa neno mabaki tu. Alikuwa amezisaini, akaambiwa avae nguo aende nyumbani.

"Andika mtoto," alisema.

"Mama, utalipa mwenyewe."

"Nitalipa. Na kesho natoka kwenye bima yao."

"Na saratani je?" Erasmo aliuliza. "Ikija?"

Yasna aliuweka mkono juu ya tumbo, kwenye yale mafuta ya baridi waliyompaka.

"Ikija itanikuta nalea."